Sera ya biashara inayomlinda mdogo hadi anabaki mdogo: tuifumueje ili kampuni ziweze kushindana nje?

#1 Nanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye. Wiki mbili hizi nimekuwa nasoma sera za taifa za biashara na viwanda za nchi kadhaa, kazi ya ofisini tu, na kufikia ya tano nikaona kama nasoma waraka uleule uliobadilishwa jalada. Ukurasa wa kwanza unaahidi ushindani katika soko la dunia. Kurasa zinazofuata ni orodha ya nani alindwe dhidi ya nani, nani apewe mfuko wa mikopo, nani asamehewe kodi. Sikuona hata mmoja unaosema ulinzi huo unakoma lini, wala nani ataamua kama umefaulu.

Nianze na India kwa sababu kisa chao kinafundisha kuliko vitabu. Mwaka 1967 walianza kutenga bidhaa ambazo zingetengenezwa na viwanda vidogo peke yake. Nia ilikuwa njema: ajira nyingi kwa mtaji mdogo, na wakubwa wasimeze kila kitu. Orodha ikanenepa hadi ikapita bidhaa 800, humo mkiwa na nguo za kushona, midoli na bidhaa za ngozi. Udogo ulipimwa kwa thamani ya mitambo. Kwa hiyo ukinunua mashine mpya ikakuvusha kikomo, unaipoteza ile bidhaa, labda ukubali sharti la kuuza nje sehemu kubwa ya unachozalisha. Sasa mtu mwenye akili zake afanye nini? Anafungua kiwanda cha pili kwa jina la mke, cha tatu kwa jina la shemeji, na hakuna kati ya hivyo vitatu kinachofikia ukubwa wa kununua mashine ya maana.

Upande wa pili wa milima, China ilifungua Shenzhen kama eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Mnunuzi mkubwa wa nguo akihitaji shati moja, rangi moja, kipimo kilekile, kwa wingi na kwa tarehe, hawezi kuzunguka kwa mashemeji mia. Alikwenda kwenye kiwanda kimoja kikubwa. India ilikuja kuipunguza ile orodha kidogo kidogo, na bidhaa 20 za mwisho zikatolewa Aprili 2015. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Msidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Ufaransa ilikuwa na rundo la masharti yanayoanza kampuni ikifikisha wafanyakazi 50. Wachumi walipochora idadi ya kampuni kwa ukubwa wake, kabla tu ya 50 kuna mlima, halafu ghafla bonde. Kampuni zilikuwa zinasimama mlangoni zikikataa kuingia. Sheria yao ya mwaka 2019 ikalegeza: sasa masharti mengi hayakubani mpaka uvuke kikomo miaka mitano mfululizo.

Hoja yangu basi. Sera ya biashara ipimwe kwa maswali mawili tu. Kampuni ya watu kumi ina njia ya kufika watu mia mbili bila kuchapwa viboko njiani? Na iliyoshindwa ina mlango wa kutokea, au inabebwa milele? Idadi ya kampuni zilizosajiliwa na jumla ya mikopo iliyotolewa, takwimu wanazopenda sana kwenye hotuba, hazijibu lolote kati ya hayo.

Karibuni.

#2 Msomaji wa Usiku

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye viwanda.

#3 KinyumeNyume

Mkuu Nanga, umeandika vizuri lakini umechagua mifano kwa upendeleo. Ni nchi chache mno zilizopanda bila kulinda vya kwake. Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, aliiandikia nchi yake ripoti ya kulea viwanda vichanga mwaka 1791. Japani walilinda. Korea Kusini walilinda kwa kufuli na mnyororo. Leo waliokwishapanda wanatuhubiria ushindani huru, na wewe unawasaidia kuhubiri. Kumtoa mtoto wa miaka miwili ulingoni akapigane na bondia kisha ukasema "ameshindwa kushindana" ni ukatili, siyo sera.

#4 Nanga

KinyumeNyume, nilijua utakuja, na nimefurahi umekuja na Korea.

Kweli walilinda. Lakini tazama walivyolinda. Mauzo ya nje ya Korea Kusini yalifika dola milioni 100 mwaka 1964, na siku ile, 30 Novemba, wakaifanya sikukuu ya mauzo ya nje. Mwaka 1977 wakagusa dola bilioni 10. Katikati hapo Rais Park Chung Hee alikuwa anakalia mwenyewe mkutano wa mauzo ya nje kila mwezi, mawaziri na wafanyabiashara chumba kimoja, malengo ubaoni. Mkopo wa riba nafuu uliupata kwa kuonyesha karatasi ya benki inayothibitisha kwamba mnunuzi wa nje ameagiza mzigo na atalipa. Ukileta andiko la mradi lenye picha za rangi bila oda, huna chako. Yaani soko la ndani ulilindiwa, lakini aliyekupa alama za mtihani alikuwa mtu wa nje asiyekujua, asiye na mjomba wizarani.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Uingereza ilikuwa na British Leyland, muungano wa kampuni nyingi za magari za Kiingereza. Mkubwa mmoja wa pale, George Turnbull, alijiuzulu mwaka 1973, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Hyundai kuwasaidia kutengeneza gari lao la kwanza la kwao wenyewe. British Leyland ikaishiwa, serikali ikaitaifisha mwaka 1975 ili isife. Hyundai ikaanza kutoa Pony mwishoni mwa mwaka huohuo, na mwaka 1976 ikapeleka magari matano Ecuador. Matano tu! Lakini waliyapeleka. Mwaka 1986 wakaingia Marekani. Mabaki ya Leyland, yakiwa na jina la MG Rover, yalifungwa 2005.

Zote mbili zilibebwa na serikali. Moja ilibebwa ili isianguke, nyingine ilibebwa huku inasukumwa nje ya mlango.

Na Wakorea wenyewe walipolegeza ule mtihani waliumia. Makundi makubwa yalipoanza kukopa kwa sababu tu ni makubwa na serikali haitathubutu kuyaacha, Hanbo ya chuma ikaanguka Januari 1997, nchi ikaingia kwenye msukosuko mwisho wa mwaka, na Daewoo ikafuata 1999.

#5 FundiChuma

Mimi siyo msomi, natengeneza boliti, nati na skrubu. Watu 38. Naomba nieleze kitu ambacho kwenye sera zenu sijawahi kukikuta kimeandikwa kwa lugha ya kueleweka.

Boliti ni chuma. Zaidi ya nusu ya gharama yangu ni waya wa chuma. Sasa serikali ikisema "tunalinda viwanda vya ndani" inaweka ushuru mkubwa kwenye chuma cha nje ili mwenye tanuru apone. Mwenye tanuru anapandisha bei hadi chini kidogo tu ya bei ya nje pamoja na ushuru, nani hatafanya hivyo? Mimi nanunua ghali. Ndani ya nchi nitampandishia mteja, tutasukumana. Lakini nje nashindana na mwenzangu aliyenunua chuma kwa bei ya dunia. Kabla sijawasha mashine nimeshashindwa. Kwa hiyo ushuru wa malighafi ni kodi ya mauzo ya nje, imevaa tu kofia nyingine.

Nchi zilizoerevuka humrudishia mwenye kuuza nje ushuru alioulipa kwenye malighafi. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, unadai, unaambatanisha, unasubiri. Niliwahi kusubiri marejesho, ofisi siitaji, mpaka faida yote ya mzigo ule ikaliwa na riba ya benki. Kodi ya ongezeko la thamani nayo hivyohivyo. Mzigo wa pili nikaachana na soko la nje, nikarudi kuuza ndani. Kwenye takwimu nitaonekana "hana uwezo wa kushindana".

Tena wenye matanuru ni wachache, wanajuana, wanaingia wizarani kwa pamoja. Watumiaji wa chuma tuko maelfu, tumetawanyika, kila mtu na karakana yake. Nadhani ndiyo maana wanashinda wao.

#6 Nanga

FundiChuma, usijishushe, umesema kilichowachukua wachumi kurasa nyingi. Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye chuma na 10 kwenye alumini mwaka 2018. Wachumi wa benki kuu yao walipochambua matokeo, chapisho la 2019, waliona viwanda vilivyoguswa zaidi na ushuru wa mwaka ule vilipoteza ajira kwa jumla, kwa sababu malighafi ilipanda na nchi nyingine zikalipiza. Na wale wana soko la ndani kubwa kuliko karibu kila mtu. Mwenye soko dogo anaumia mapema.

#7 Msomaji wa Usiku

Kofia nyingine 😂 nimeiba hiyo.

#8 Bi Vipimo

Nimesoma kimya mpaka hapa. Nyote mnazungumza bei. Bei ni nusu ya mlango. Nusu nyingine ni karatasi, na sera nyingi za biashara zinaitaja kwa mstari mmoja: "kuboresha ubora wa bidhaa". Nimefanya kazi maabara za upimaji miaka mingi, nivumilieni.

Boliti ya FundiChuma ikienda nje, mnunuzi anataka ushahidi kwamba haitakatika chini ya mzigo fulani. Mashine ya kuivuta ikakate ipo maabara. Lakini nani anasema mashine ile inasoma kweli? Lazima ihakikiwe kwa kifaa kilicho sahihi zaidi, na hicho kihakikiwe na kingine, mnyororo unapanda hadi kwenye vipimo vya dunia vyenyewe. (Kilo, kwa wapenda mambo haya, hadi Mei 2019 ilikuwa kipande cha metali kilichofungiwa karibu na Paris. Sasa inatokana na namba ya fizikia isiyoweza kuibwa.) Halafu maabara yenyewe iwe na ithibati inayotambuliwa na wenzake wa nchi nyingine. Pete moja ya mnyororo ikikosekana, cheti chako ni karatasi ya kufungia vitu. Mzigo unapimwa upya kule unakokwenda, kwa gharama yako, ukiwa umekaa bandarini.

Kampuni kubwa inaweza kutuma sampuli nje au kujenga maabara yake. Kampuni ya watu 38 haiwezi. Kwa hiyo maabara ya taifa yenye ithibati ni msaada kwa wadogo kuliko mfuko wowote wa mikopo, na wala haimpendelei mtu, kwa sababu mashine haiulizi wewe ni nani.

Ujerumani waliligundua hili mapema. Mwaka 1887 walianzisha taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo huko Berlin, Werner von Siemens, mwenye viwanda vya umeme, akatoa ardhi yake. Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria ya kulazimisha bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, na Waingereza wengi walitaka ule mhuri wa "zimetengenezwa Ujerumani" uwe onyo kwa mnunuzi, kwamba jamani hii ni takataka ya bei rahisi. Mnajua wenyewe mhuri ule ulivyokuja kuwa.

Na sasa karatasi zinaongezeka. Umoja wa Ulaya umeanza kudai hesabu ya hewa ukaa kwenye bidhaa zinazoingia: saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na hidrojeni. Kuanzia Oktoba 2023 ilikuwa kutoa taarifa tu, kuanzia 2026 gharama yake imeanza kuhesabiwa. FundiChuma, boliti na nati zako zimo. Mwingizaji wako asipokuwa na takwimu zako halisi zilizohakikiwa, anatumia makadirio yaliyowekwa, na makadirio hayo hayakuwekwa ili yakupendeze. Yaani unaweza kuwa na karakana safi kuliko ya mwenzako ukalipishwa kama mchafu kwa sababu huna mtu wa kukuhesabia. Sera inayozungumza ushindani leo bila kusema nani atawahesabia wadogo hewa ukaa yao inazungumza juu ya dunia ya mwaka 1995.

#9 FundiChuma

Bi Vipimo, nimeshtuka. Mteja wangu mmoja aliniletea fomu ndefu mwaka jana nikadhani ni matapeli nikaifuta.

#10 Bi Vipimo

Itafute kwenye takataka za barua pepe leo hii mwanangu.

#11 Mwanasheria Asiye na Joho

Nyongeza ya kisheria, kwa sababu kila uzi wa namna hii lazima atokee mtu wa kusema "tufanye kama Korea".

Huwezi kufanya kama Korea. Tangu Shirika la Biashara Duniani lianze mwaka 1995, ruzuku inayotolewa kwa sharti la kuuza nje imepigwa marufuku, na ruzuku ya sharti la kutumia malighafi ya ndani badala ya ya nje nayo vilevile. Nchi maskini kabisa zina msamaha kwenye lile la kwanza. Nchi nyingine zikithubutu zinaweza kuwekewa ushuru wa kulipiza.

Kilichobaki halali ni kingi kuliko watu wanavyofikiri: mafunzo, utafiti, maabara kama anavyosema Bi Vipimo, bandari na barabara, bima ya mauzo ya nje inayojilipia. Na lile la FundiChuma, kurejesha ushuru wa malighafi iliyomo ndani ya bidhaa iliyouzwa nje, ni halali kabisa ilimradi usirudishe zaidi ya kilicholipwa. Kwa hiyo nchi inayochelewesha marejesho haizuiwi na sheria yoyote ya dunia. Inajizuia.

Mtasema wakubwa wenyewe wanavunja. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa cha shirika hilo hakina majaji wa kutosha kusikiliza kesi, na Marekani mwaka 2022 ilitenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa viwanda vya vipande vya elektroniki. Lakini mdogo akivunja na mkubwa akivunja, anayelipiziwa kwanza ni nani? Sijengi sera ya taifa juu ya matumaini kwamba hakuna atakayenitazama.

#12 KinyumeNyume

Haya, tuache viwanda vidogo. Mashirika ya umma je? Nanga umewakwepa. Nchi nyingi sehemu ya uchumi iko mikononi mwa mashirika ya serikali, na mtindo wenu ni uleule: uza, binafsisha, tafuta mwekezaji. Chuma cha Korea kilianzishwa na serikali. Ndege za Brazil zilianzishwa na serikali. Sekta binafsi isingegusa.

#13 Nanga

Hapa sina ugomvi na wewe. POSCO, hicho chuma cha Korea, ilianzishwa 1968 kama shirika la umma baada ya Benki ya Dunia kuona mradi haufai, ikayeyusha chuma cha kwanza 1973, na ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji bora wa chuma duniani. Umiliki peke yake hausemi kitu.

Brazil ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu ni nchi ileile, utawala uleule, matokeo mawili. Embraer, kampuni ya kuunda ndege, waliianzisha 1969. Ndege, Bi Vipimo atanielewa, haiwezi kuuzwa kwa uzalendo. Bila cheti cha wakaguzi wa anga wa nchi ya mnunuzi hairuki, na Embraer walikwenda kukitafuta hicho cheti Marekani miaka ya 1970. Walinunua injini na vifaa vya nje bila aibu, wao wakashughulika na kuunda ndege yenyewe. Walikaribia kufilisika baadaye, wakabinafsishwa mwishoni mwa 1994, wakafufuka. Kwenye kompyuta walifanya kinyume: sheria ya 1984 ililitenga soko la kompyuta ndogo kwa kampuni za Kibrazil. Mteja alikuwa wa ndani, hakuwa na pa kukimbilia. Matokeo yake mashine ghali, za nyuma ya wakati, na viwanda vyote vingine vilivyohitaji kompyuta vikaburutwa nyuma pamoja nazo. Ni ule ushuru wa chuma wa FundiChuma, ila kwa umbo la kompyuta.

Kwa mashirika ya umma nchi niliyoona imeandika sheria kwa lugha inayoeleweka ni New Zealand, mwaka 1986. Shirika la serikali liendeshwe kwa faida kama mshindani mwingine yeyote. Serikali ikitaka lifanye jambo la kijamii lisilolipa, mathalani kuhudumia eneo lisilo na wateja, iingie mkataba nalo na kulilipa wazi. Kifungu kidogo, lakini kinaua ule mchezo wa shirika kusema "tumepata hasara kwa sababu ya majukumu ya kijamii" bila mtu kujua jukumu lipi liligharimu kiasi gani. Singapore walikata waya kwa njia nyingine: 1974 wakaunda Temasek ishike hisa za kampuni za serikali, ili wizara inayotunga kanuni za sekta isiwe ndiyo hiyohiyo inayomiliki mchezaji uwanjani. Refa akiwa na timu yake, mwekezaji gani ataleta timu yake?

#14 Jicho la Pembeni

Naona mnasahau mtego mmoja. Unaweza kufanya yote hayo, mauzo ya nje yakapaa, na kampuni zako zisiwemo.

Vietnam ilipitisha sheria mpya ya kampuni mwaka 1999, ikaanza kazi Januari 2000, na zaidi ya vibali mia moja vikafutwa. Kampuni binafsi zikachipuka kama uyoga. Safi. Wakaingia Shirika la Biashara Duniani 2007, Samsung wakaja, mauzo ya nje yakawa ya kushangaza. Lakini zaidi ya theluthi mbili ya mauzo hayo hutoka kwa kampuni za kigeni zilizojenga pale. Zile za wenyeji nyingi zimebaki nje ya uzio, zinauza ndani.

Ireland walikuwa na kidonda hichohicho. Wamewavutia wageni kwa kodi ndogo tangu miaka ya 1950, na ripoti waliyoiagiza wenyewe, iliyotoka 1982, ikawaambia kampuni za wenyeji hazikui. Ilibidi 1994 wapasue wakala wao wa kukuza viwanda: mmoja ashughulike na wageni, mwingine na wa ndani, kwa sababu ofisi moja ikiwa na wageni wenye ndege binafsi na fundi wa watu 38, mnajua nani atapokelewa kwanza.

Singapore mwaka 1986 walifanya kitu cha akili sana. Serikali ililipa mshahara wa mhandisi wa kampuni kubwa ya kigeni ili kazi yake iwe kuwatembelea wauzaji wadogo wa ndani, kuwafundisha hadi bidhaa zao zifikie kiwango cha kampuni yake. Gharama yake ni mishahara michache. Mkubwa anapata vipuri vya karibu, mdogo anapata mwalimu ambaye pia ni mteja. Katika uzi mzima huu, kama ningeambiwa nichague jambo moja la kuiga kesho asubuhi, ni hilo.

#15 FundiChuma

Mhandisi wa mteja akae karakanani kwangu mwezi mmoja tu! Hiyo hata mimi ningechangia mshahara.

Ila Nanga, swali lako la pili, mlango wa kutokea, watu wamelirukia. Jirani yangu wa biashara alishindwa. Hakufunga. Kufunga rasmi kunataka miaka, mawakili, na jina lako linachafuka usikopeshwe tena. Kwa hiyo mashine zake nzuri zipo, zimefunikwa turubai, na benki inaendelea kumuandika kama mkopaji hai ili mizania yao isionekane mbaya. Mimi nahitaji mashine ile. Siwezi kuinunua kwa sababu kisheria haijulikani ni ya nani.

#16 Mwanasheria Asiye na Joho

Hilo la benki kumbeba mfu ndilo lililoitesa Japani miaka ya 1990. Mikopo ilikuwa inahuishwa ili hasara isionekane, na kampuni zilizokuwa hai zikashindana sokoni na maiti zinazolipiwa riba. India walipitisha sheria moja ya ufilisi mwaka 2016 kuweka ukomo wa muda wa kesi. Kesi nyingi zinapitiliza huo ukomo, lakini angalau mmiliki mkubwa sasa anajua anaweza kunyang'anywa kampuni. Zamani alikuwa anajua hanyang'anywi.

#17 Msomaji wa Usiku

Swali la mshamba. Hayo yote mnakubaliana. Kwa nini hayafanyiki?

#18 Nanga

Siyo la mshamba, ndilo swali. Anayefaidi ulinzi anajijua kwa jina na leo anakula. Atakayefaidi mageuzi hajazaliwa bado kama kampuni, hawezi kwenda wizarani kulalamika.

Mara nyingi hufanyika nchi ikiwa imebanwa koo. Korea mwaka 1998, msukosuko ukiwa umewakalia, Rais Kim Dae-jung aliagiza kanuni zipunguzwe kwa nusu. Walikuwa na zaidi ya 11,000, na karibu nusu zikafutwa ndani ya muda mfupi. Ujanja ulikuwa kugeuza mzigo wa kujieleza: wizara ndiyo ieleze kwa nini kanuni ibaki, badala ya mfanyabiashara kueleza kwa nini ifutwe.

Lakini hata koo likibanwa si dawa ya uhakika. India 1991 akiba yao ya fedha za kigeni ilibaki ya wiki chache, wakafuta leseni za viwanda karibu zote kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ile orodha ya bidhaa za wadogo hawakuigusa. Ikaishi miaka 24 zaidi.

#19 KinyumeNyume

Nanga, sasa nakukamata. Ile sheria ya kompyuta ya Brazil uliyoicheka. Umeisoma hadi mwisho?

Iliandikwa ndani yake kwamba soko linatengwa kwa miaka minane. 1984 ongeza nane. Na mwaka 1992 ikakoma kweli. Wenye viwanda vya kompyuta walipiga kelele, lakini aliyetaka iendelee ilibidi atafute kura mpya bungeni, mbele ya kila mnunuzi aliyekwishaona kompyuta ya bei rahisi nje. Hakuzipata. Ile orodha ya India, iliyokuwa ya huruma na ya watu wadogo, haikuandikwa tarehe. Sera mbovu yenye tarehe ilikufa baada ya miaka minane, sera ya huruma isiyo na tarehe ilikaa karibu nusu karne.

Mimi bado ni mtu wa kulinda. Ila nakubali nilinde kwa tarehe, na tarehe iwe ndani ya sheria yenyewe, isiwe kwenye hotuba.

#20 Nanga

Nimekamatika. Niliisoma kwa ajili ya ubaya wake tu.

Kesho narudi kwenye zile sera tano nitafute neno moja: "hadi tarehe".

#21 FundiChuma

Fomu nimeipata. Kurasa 14. Bi Vipimo, uko humu?